Mstari Ulioelekea Jikoni

Kama kuna neno lililomkera Mama Mboji kuliko matusi, ni neno subiri. Alilisikia kwa fundi wa paa, alilisikia hospitalini, alilisikia kwa wanawe kila alipowauliza wataoa lini, na sasa, na mvi zake kichwani, alikuwa akilisikia kwa shamba lake mwenyewe. Kila asubuhi alisimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe cha chai mkononi, akayatazama mahindi yaliyokwama kimo cha goti. Majani yalikuwa ya njano kuanzia nchani, na yale ya chini yalikuwa yameshakauka. Ng'ambo ya mpaka mahindi ya shemeji yake, yaliyopandwa juma lile lile, yalikuwa yamefika kifuani mwa mtu, kijani cha kukolea, yakipepea bila haya.

Chai ilipoa mkononi. Aliimwaga kwenye mstari wa kwanza wa mahindi, kwani huko ndiko alikomwaga kila kitu: maji ya kuoshea vyombo, majivu ya mekoni, uchafu wa banda la kuku. Shamba lao liliteremka kutoka nyumbani kwenda bondeni, kwa hiyo aliyesimama jikoni aliuona mstari huo wa kwanza wote, na mingine ilizama nyuma yake. Mstari wa jikoni ndio ulioshiba kuliko yote, na hata wenyewe ulikuwa na sura ya mgonjwa aliyeambiwa ana nafuu.

Jina la Mama Mboji alipewa kwa kejeli, likamkaa. Miaka mingi alikuwa mpishi wa bweni la shule, mwanamke wa masufuria makubwa na miiko mirefu, na alipoacha kazi hiyo aliendelea kwenda pale kila siku kwa ajili ya maganda. Maganda ya viazi, ya ndizi, ya vitunguu, majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, vyote alivibeba kwa ndoo akipita katikati ya watu waliovaa vizuri. Wanawe walimwomba angalau aifunike ndoo. Hakuifunika. Alisema kama wao hawakuona aibu kula viazi, yeye hataona aibu kubeba maganda yake.

Nyuma ya nyumba alikuwa na marundo yake ya mboji, tabaka la maganda, tabaka la majani makavu, tabaka la samadi, na katikati ya kila rundo alichomeka kijiti kirefu. Asubuhi alikichomoa kijiti na kukishika kwenye kiganja. Kikiwa cha moto alijua rundo linafanya kazi, akashinda anaimba. Kikiwa baridi alinuna, na mumewe alijifunza kuuliza habari za kijiti kabla ya kuuliza habari za chakula.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mrefu, mwembamba, na watu wote walimwita Spoku. Tangu walipooana walilima kwa mbolea ya dukani kama jirani yeyote, kizibo kimoja cha soda kwa kila shina. Mahindi yaliitika, wala Mama Mboji hakuwahi kukana hilo. Lakini baada ya miaka kizibo kimoja hakikutosha, wakatia viwili. Samadi hawakuwa wakitia, mabua waliyachoma moto, na ardhi ikabaki inakula hiyo mbolea ya chumvichumvi peke yake. Mwishowe mvua ikinyesha maji yalikimbia juu ya udongo kama juu ya sakafu, na jembe ukilipiga linaruka. Siku mpini ulipovunjika mkononi mwake, Mama Mboji aliketi chini palepale shambani, akasema basi.

Spoku hakubishana. Si mtu wa kubishana. Alisema tu kwamba atampa miaka mitatu, na kama mwaka wa tatu shamba litakataa, watarudi kwenye kizibo.

Hapo ndipo kilipoanza kikundi. Mama Mboji aliwakusanya wanawake wa mtaa wenye mashamba, na bibi shamba, yule ofisa wa kilimo aliyekuja na pikipiki, akawatafutia mwenye kinu aliyesaga unga wa watoto. Mwenye kinu alitaka mahindi kutoka ardhi iliyokaa miaka mitatu bila mbolea ya dukani. Atakayetia hata mara moja, hesabu yake inaanza upya. Wanawake wakakubali, wakamchagua Mama Mboji mwenyekiti, wakamkabidhi funguo za ghala. Alizitundika shingoni kwa kamba, na hakuzivua hata akioga.

Sasa, mtu mwenye msimamo ni mzuri ukiwa upande wake. Mwaka wa pili, shamba la mwanachama mmoja lilipasuka kijani ghafla, mabaka mabaka. Huyo alikuwa fundi cherehani, Mama Pindo, mwanamke wa maneno machache na nyuzi nyingi. Aliitwa kikaoni, akasema ni mumewe aliyetia, siku yeye mwenyewe alipokwenda kupeleka nguo za wateja. Wenzake walianza kulegea. Mama Mboji hakulegea. Alisimama na funguo zake shingoni, akasema, "Shamba lako, mkono wako." Maneno hayo yaliwapendeza watu, wakayarudia hata sokoni. Mama Pindo aliondolewa kikundini, akachukua kikapu chake akatoka, na tangu siku hiyo wakikutana njiani salamu yao ilikuwa ya kukohoa.

Basi huu ndio ulikuwa mwaka wa tatu. Mavuno haya ndiyo ya kwanza kwenda kwenye kinu, na shamba la mwenyekiti ndilo lililokuwa la njano kuliko yote.

Na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kabla ya kupanda, Mama Mboji alikuwa amesikia kwamba udongo wa msituni ni laini kwa sababu ya miti iliyooza. Hakusikiliza zaidi ya hapo. Kando ya banda la Spoku kulikuwa na seremala, na nyuma ya karakana yake kulikuwa na kilima cha maranda ambacho seremala alitamani mtu akiondoe. Mama Mboji alikiondoa. Alibeba magunia ya maranda kwa toroli mpaka vidole vikatoka malengelenge, akayafukia mabichi shamba zima, akapanda juu yake. Udongo ulikuwa laini wa kutamanisha. Aliwaita wenzake waje waukanyage.

Mahindi yalipogeuka njano alimwita bibi shamba. Yule binti alivua kofia ya pikipiki, akachimba kwa vidole, akatoa kipande cha maranda, akakigeuzageuza.

"Haya yalikuwa yameoza, mama?"

"Yataoza humo humo."

Bibi shamba alishusha pumzi. Alimweleza polepole, kwa adabu, na adabu ile ilimkera Mama Mboji kuliko ambavyo ukali ungemkera. Alisema maranda yanaoza, ndiyo, lakini yanaozeshwa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na viumbe hao nao wanakula. Wanataka naitrojeni ili wayavunje, na maranda karibu hayana. Kwa hiyo wanaichukua iliyomo kwenye udongo, wanaimaliza kabla mahindi hayajanawa mikono.

"Na hawarudishi?"

"Wanarudisha wakifa. Lakini si msimu huu. Itabidi usubiri."

Mama Mboji alitazama pembeni. Kule ng'ambo mahindi ya shemeji yalicheza na upepo. Akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka jibu, ingekuwaje kama angetia ile ya dukani.

"Wiki moja, yangekuwa kijani," alisema bibi shamba. "Mama, hindi halijui naitrojeni imetoka kwa ng'ombe au kiwandani. Linajua tu ipo au haipo. Tofauti ni kinachobaki kwenye udongo ukishavuna."

Alimshauri aloweke samadi ya kuku kwenye pipa, aichuje, amwagie mashina, na apande kunde katikati ya mistari, kwani mizizi ya kunde huivuta naitrojeni kutoka hewani. Akamwambia wazi kwamba itasaidia kidogo tu, asitegemee miujiza. Kisha akapanda pikipiki yake akaenda zake.

Mama Mboji aliloweka. Pipa lile lilinuka hata wapita njia wakabadilisha njia. Kila jioni alimwagia kopo kwa kopo, akianzia mstari wa jikoni, na mara nyingi pipa lilikwisha kabla hajafika bondeni. Nyumbani hakukukalika. Alimlaumu seremala kwa maranda, akamlaumu bibi shamba kwa kuja amechelewa, akailaumu mvua. Alisema na mahindi. Aliinama kwenye mashina akayaambia pole, kosa si lenu, nisameheni. Spoku alimsikia. Siku hizo alianza kutoka nyumbani mapema, wakati mkewe bado anapuliza moto jikoni, akipita njia ya bondeni na mfuko wake wa vifaa begani. Mama Mboji alidhani anakimbia kelele. Hakumlaumu, hata yeye mwenyewe angejikimbia kama angejua pa kwenda.

Mvua nyepesi ikanyesha siku mbili tatu. Kisha asubuhi moja Mama Mboji alishuka shambani na kopo lake, akasimama.

Majani mapya katikati ya mahindi yalikuwa kijani. Si kijani cha kubahatisha. Kesho yake yalizidi, na keshokutwa shamba la bondeni lilikuwa limebadilika sura, mashina yamejaa, majani yamenyooka. Mama Mboji aliweka kopo chini akalia kwa sauti, machozi ya mtu aliyedharauliwa kwa muda mrefu kisha akaombwa radhi.

Mtu mwingine angefurahi kimya kimya. Yeye aliwaita wote. Wanawake wa kikundi walikuja na watoto mgongoni, wakapita kati ya mistari, wakayapapasa majani. Mama Mboji aliwahutubia. Aliwaambia wenye haraka ndio wanaokimbilia dukani, lakini mwenye kuijua ardhi hungoja, na leo wameona. Yeye, wa kusema hivyo! Aliwaonyesha pipa, na wakalitazama kwa heshima huku wameziba pua. Hata shemeji alikuja, akaegemea nguzo ya mpakani.

"Shemeji, hiyo dawa yako hata mimi naitaka," alisema, akacheka mpaka akapaliwa. Mama Mboji alidhani ni husuda.

Bibi shamba naye alikuwepo. Alishuka mpaka chini, akapanda tena, na alipofika karibu na nyumba alisimama kwenye mstari ulioelekea jikoni. Mahindi ya pale yalikuwa vilevile, njano, mafupi, kama yaliyosahauliwa kualikwa.

"Na haya?" aliuliza.

Mama Mboji alisema ni moshi wa jikoni. Au kivuli cha paa. Bibi shamba alitikisa kichwa taratibu, akavaa kofia yake. "Uutazame vizuri mstari huu, mama," alisema.

Wageni walipoondoka, Mama Mboji alichota maji akanawa uso, akatoka na kisahani cha majivu kuyamwaga mahali pake pa kila siku. Akauinua mkono, na mkono ukakataa kushuka.

Mstari huu ndio uliopata majivu. Ndio uliopata kinyesi cha kuku kabla pipa halijawekwa, na pipa lilipowekwa ndio ulioanza kunyweshwa, na ndio ulionyweshwa kila siku hata siku ambazo bondeni hakukufika tone. Moshi uliupata mwaka jana pia, na mwaka jana haukuwa na neno. Kama samadi ndiyo iliyoleta kijani, kijani kingeanzia hapa. Lakini hapa hapakuwa na kitu, na kule chini alikomwagia mara chache ndiko kulikoshiba.

Alirudi jikoni. Akaketi kwenye kigoda chake mbele ya moto uliozimika, mahali anapoketi kila alfajiri, akatazama nje kupitia mlangoni. Aliuona mstari wa kwanza wote, kuanzia shina la mwanzo hadi la mwisho. Mingine hakuiona.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliosema. Mama Mboji alijifunga kanga ya pili kiunoni akaelekea barabarani.

Banda la Spoku lilikuwa mabati manne na benchi moja. Alikuwa amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu la nyuma na kulisikiliza. Kwenye benchi kulikuwa na vizibo vya soda vimepangwa, ndani yake gololi zimelala kwenye grisi, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Vilikuwa pale miaka yote. Siku ile Mama Mboji alivitazama kana kwamba vimemtukana.

"Mstari wa jikoni," alisema.

Spoku aliendelea kuzungusha gurudumu.

"Baba watoto, nimesema mstari wa jikoni. Kwa nini ule peke yake?"

Alilishika gurudumu likasimama. "Ungeniona," alisema.

Mama Mboji alitegemea akane. Alikuwa amejiandaa kwa uongo njia nzima, ana majibu ya kila uongo, na sasa majibu yote yalimkaa kooni bila kazi. Alimuuliza mbolea ameipata wapi. Kwa kaka, alisema Spoku. Kila alfajiri kidogo kidogo, kizibo kwa kila shina, anafukia kwa kisigino. Basi shemeji alijua. Alisimama kwenye nguzo yake, akamwacha ahutubie watu, na alijua.

"Miaka mitatu," alisema Mama Mboji. "Umeniua ikiwa imebaki hatua."

"Miaka mitatu nakusikia," alisema Spoku. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa kilichochafuka zaidi ya mikono. "Mwaka huu nimekusikia unayaomba mahindi msamaha. Mtu mzima, umeinama kwenye udongo. Mimi sikuitia kwa ajili ya mahindi. Nilitaka ushinde, basi."

"Sasa nimeshinda?"

Spoku alisema punje haina mdomo, ikishafika kinuni nani atajua. Na kama ni ule mstari mmoja unaomtia wasiwasi, anaweza kuumalizia kesho asubuhi, mkewe afumbe tu macho. Aliyasema hayo kwa upole kabisa, kama mtu anayejitolea kukaza nati moja iliyosalia. Mama Mboji alitaka kumpiga, na alitaka kucheka, na hasira ikamzidi hata hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alichukua kizibo kimoja kutoka kwenye benchi, akakitupa barabarani na gololi zake, akaondoka. Nyuma yake alimsikia mumewe amepiga magoti, anaziokota.

Tuseme ukweli, alifikiria kunyamaza. Alifikiria siku kadhaa. Mahindi yale yalikuwa mazuri, na wanawe walishaambiwa, na wanawake walishakanyaga shamba. Alishinda anafikiri hivyo mchana kutwa, lakini asubuhi alipofungua mlango wa jikoni mstari ule ulikuwa pale unamtazama, wa njano, mkweli kuliko watu wote wa nyumba ile. Alijaribu kunywa chai akiwa amegeukia ukuta. Chai haikupita.

Siku ya kikao wanawake walikaa kwenye mikeka ndani ya ghala, katikati ya magunia matupu yaliyokwisha kupigwa mhuri wa kinu. Mama Mboji alisimama. Alisema shamba lake limetiwa mbolea ya dukani, shamba zima isipokuwa mstari mmoja, na aliyetia ni mumewe. Alisema haraka, bila kupamba, kama mtu anayebandua plasta.

Alitarajia kelele. Badala yake walimhurumia. Mmoja alisema wanaume ndivyo walivyo. Mwingine alisema mkono haukuwa wake, mwenyekiti hana kosa, na nani asiyejua jinsi alivyoteseka. Wakakubaliana pale pale, bila hata yeye kuomba, kwamba jambo hili lisitoke nje ya ghala. Mahindi yake yachanganywe na ya wenzake. Wakaanza kuzungumza habari za siku ya kuvuna.

Ni kikongwe mmoja tu, aliyekuwa ameketi karibu na mlango kwa sababu ya miguu yake, aliyeguna. "Mkuki kwa nguruwe mtamu," alisema.

Hapo Mama Mboji alihisi uso unamchoma. Huruma ile, laini namna ile, ilikuwa humu humu ghalani mwaka jana, kwa watu hawa hawa. Walikuwa wameanza kulegea. Ni yeye aliyesimama akaizima.

"Mama Pindo alisema mumewe," alisema. "Mlisikia. Mimi nikamjibu nini?"

Walitazama mikeka.

"Nikamjibu nini?"

"Shamba lako, mkono wako," alisema kikongwe, kwani mtu lazima aseme.

Mama Mboji alivua kamba shingoni. Ilinasa kwenye sikio, akaikwanyua kwa hasira, na funguo zikaanguka kwenye mkeka mbele ya yule aliyesema wanaume ndivyo walivyo. Akawaambia wapeleke mahindi yao kinuni na Mungu awape kheri, yake yatakaa nyumbani. Kisha akatoka, na alipofika nje aligundua kwamba amevaa kandambili za mtu mwingine, ndogo kwa mguu wake. Hakurudi kuzibadilisha.

Nyumba ya fundi cherehani haikuwa mbali. Mlango ulikuwa wazi, na cherehani ilikuwa inakwenda. Mama Pindo alimwona akiingia, akashusha macho kwenye kitambaa, mguu haukuacha kukanyaga. Lilikuwa shuka refu la bluu, na pindo lake lilipita chini ya sindano bila mwisho.

Mama Mboji alibisha hodi akiwa ameshaingia. Akasema yote akiwa amesimama, juu ya kelele za cherehani: maranda, kizibo, alfajiri, mstari wa jikoni. Alipofika kwenye maneno yake mwenyewe ya mwaka jana aliyasema neno kwa neno.

Mguu ukasimama.

"Umekuja kuniomba radhi?"

"Nimekuja uyasikie kwangu kabla hujayasikia sokoni. Na radhi pia. Nimekuja na vyote."

Mama Pindo alikata uzi kwa meno. Hakuonekana kufurahi, jambo ambalo Mama Mboji alikuwa amejiandaa kulivumilia, wala hakuonekana kuhuzunika. Alisema siku ile alipotoka ghalani alipita dukani moja kwa moja. Alikuwa na hasira ya kununua gunia zima la mbolea alimwage mpaka wenye macho wapofuke. Akafika mlangoni mwa duka, akakumbuka udongo wa mama yake ulivyokuwa mweusi, akarudi nyumbani na kikapu kitupu.

"Sijatia hata kizibo tangu mliponitoa," alisema. "Mume wangu nilimwambia akitia tena atalala chini ya cherehani. Nimefukia mabua, nimepanda kunde. Sikumwambia mtu. Nani angeniamini, na mwenyekiti alishahukumu?" Alielekeza kidevu dirishani. Nje, nyuma ya kamba ya nguo, mahindi yake yalikuwa ya kawaida tu, si mafupi si marefu, na kunde zimetambaa miguuni mwake. "Mimi nimeshamaliza mwaka mmoja. Wewe una mingapi?"

Mama Mboji alikuwa mtu wa kwanza mtaani kuliacha duka. Alikuwa amewafundisha wote hawa kuhesabu.

"Sina," alisema.

"Basi utakuwa nyuma yangu."

"Nitakuwa nyuma yako."

Mama Pindo alimtazama kwa muda, akashuka na macho mpaka kwenye kandambili, visigino vikiwa vimetoka nje. Kitu kama tabasamu kilipita usoni mwake, hakikukaa. Akavuta kigoda kutoka chini ya meza kwa mguu, akakisukuma kwa mgeni.

"Nina mbegu za kunde zimebaki," alisema, akirudisha shuka chini ya sindano. "Nitakugawia. Subiri kwanza nimalize pindo hili."

Shuka lilikuwa bado refu sana. Mama Mboji aliuma meno, akaketi, akasubiri.